Waya za Nyuma ya Tanuri

6 Februari

Mdogo wangu Shoti,

Kaa chini kwanza ndipo usome. Nimekupigia simu mpaka nimechoka, lakini huko mnakojenga bwawa naona simu ni pambo tu, kwa hiyo nimempa dereva wa lori la chakula barua hii na ameapa ataifikisha.

Mama hajambo. Magoti ndiyo yale yale, na masikio yake siku hizi yanachagua. Ukimwita aje kunywa dawa hasikii, ukimsema jirani kwa kunong'ona anauliza, "Eti nani kafanya nini?" Mpwa wako amemaliza mafunzo ya ushonaji na sasa kila mtu hapa nyumbani anapimwa kiuno, atake asitake.

Bekari imeungua, mdogo wangu. Ilikuwa Jumapili mchana, tumefunga, mimi niko uani nafua. Jirani akaja mbio hana kiatu kimoja, nikajua kabla hajafungua mdomo. Nilipofika, paa lilikuwa limeshaanguka juu ya tanuri. Zimamoto walimwaga maji juu ya majivu. Hakuna mtu aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Usiniulize kama nina bima. Ninayo, na nimeilipia kila mwezi tangu nilipofungua, hata ile miezi ambayo tulikula mikate iliyobaki asubuhi na jioni. Watu wa bima wameshakuja. Kwanza alikuja mzee mmoja wa mabuti, akapiga magoti kwenye majivu, akakata vipande vya waya na kupapasa ukuta wa nyuma, halafu akaniomba sabuni anawe mikono. Baadaye akaja kijana wa suti, akapiga picha akiwa barabarani. Wananiambia nisubiri.

Nikuulize jambo moja dogo. Zile waya ulizopitisha nyuma ya tanuri, zilikuwa za aina gani? Zinavumilia joto?

Dada yako.

---

1 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana ikiwa na doa la mafuta ya kula, na dereva anasema ni doa la safari. Nimeisoma nikiwa nimesimama, sikukutii, nikaishia kukaa juu ya mfuko wa saruji. Pole sana, dada. Najua ulivyoijenga bekari ile, maana nusu ya matofali niliyabeba mimi.

Huku tuko salama. Tunafunga taa kwenye njia ya chini ya bwawa, kuna unyevu mpaka sabuni haikauki. Msimamizi wetu ni mtu wa makelele lakini analipa kwa wakati. Mwambie Mama nakula vizuri, na mpwa wangu mwambie anishonee suruali bila kunipima, tuone ufundi wake.

Waya zilikuwa zile nzito, za kuvumilia joto. Ulikuwepo nilipozinunua. Ulimlalamikia mwenye duka kuwa anatuibia, mimi nikakwambia kwenye joto hatufanyi ubahili. Na nilizipitisha ndani ya bomba la chuma.

Sasa na mimi nikuulize. Kwa nini unaniuliza habari za waya? Nani amekutuma?

Shoti.

---

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amefurahi kusikia unakula, ila hasadiki. Anasema mtu anayekula vizuri hasemi "vizuri", anataja chakula.

Hakuna aliyenituma. Dada akimuuliza mdogo wake swali, lazima awe ametumwa?

Ngoja nikusimulie ninavyopigwa danadana. Mwezi uliopita walitaka leseni ya biashara, nikapeleka. Wiki iliyofuata wakaitaka tena, eti faili limehamia kwa ofisa mwingine. Huyo mwingine akataka risiti za mashine ya kukandia unga. Nikamwambia risiti zilikuwa ndani ya bekari. Akasema, "Basi lete ushahidi kwamba ziliungua." Nilimtazama nikidhani anatania.

Sasa nimepewa ofisa wa tatu, mtu mnene wa sauti laini, anayesema pole kabla hujakaa na pole ukiinuka. Hapa nyumbani tumembatiza Bwana Pole. Huja mwenyewe, hukaa kiti cha karibu na dirisha na kuuliza habari za familia. Siku moja Mama akakutaja kwa jina lako la utani. Bwana Pole akaacha kunywa chai. "Fundi aliyefunga umeme anaitwa Shoti?" Nikamweleza kuwa ulipigwa na umeme ukiwa mtoto na jina likakuganda. Akacheka sana, kisha akatoa kalamu akaandika.

Sikupenda alivyoandika.

Dada yako.

---

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Niko mzima. Msalimie Mama.

Bwana Pole wako amekuja mpaka huku. Amesafiri njia yote hii ya vumbi na shati jeupe. Tumezungumza kantini. Sitaandika alichosema, nataka kwanza wewe uniambie ulimwambia nini juu yangu.

Na usinipigie simu hata siku nikienda mjini ikashika.

Shoti.

---

14 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata jibu la barua yangu ya mwezi wa tatu. Dereva anasema alikukabidhi mkononi. Ama anadanganya yeye, ama umenikasirikia.

Mama anakuulizia kila siku. Namwambia mvua imekata barabara. Hajui kuwa hapa hakujanyesha wala huko.

Niandikie hata mstari mmoja. Kuna mtu ananiambia maneno juu yako na mimi sitaki kuyasadiki peke yangu.

Dada yako.

---

2 Mei

Mdogo wangu Shoti,

Barua zetu zimepishana njiani. Nimeisoma yako mara nyingi, na kila mara naiona fupi zaidi.

Mama hajambo. Mpwa wako ameshona suruali yako. Mguu mmoja ni wa mtu mrefu.

Umeniuliza nilisema nini juu yako. Nitakujibu, ila nianzie kwa wakili, kwa sababu bila yeye nisingejua hata nilichokuwa nasema.

Rafiki yangu muuza ndoo ndiye aliyenielekeza kwenye kituo cha msaada wa sheria, ghorofani, juu ya duka la viatu. Unapanda ngazi nyembamba inayonuka ngozi mpya. Chumba chenyewe kina meza mbili, feni isiyozunguka, na watu wamekaa mpaka sakafuni. Wakili ni mwanamke wa makamo mwenye mafua yasiyokwisha. Hakunipa pole hata moja. Alipangusa pua, akaniuliza swali la kwanza:

"Uliichoma wewe?"

Nikainuka niondoke.

"Kaa," akasema. "Huko mbele utaulizwa na watu wabaya kuliko mimi. Uliichoma?"

"Sikuichoma."

"Mdogo wako je?"

"Mdogo wangu yuko mbali."

"Sikukuuliza yuko wapi."

Nikamwambia hapana. Akanitazama kwa muda, na mimi nikaona jinsi sauti yangu ilivyochelewa kutoka. Nakwambia ukweli huu kwa sababu naona huko uliko umeshauhisi.

Kijana wa suti ndiye aliyeanza kunitajia waya, majivu yakiwa bado ya moto, ndiyo maana nilikuuliza. Kisha Bwana Pole naye akaniambia hivi. Alisema tatizo si mimi, tatizo ni fundi. Eti kampuni iko tayari kunilipa haraka, nikisaini tu karatasi moja inayosema umeme ulifungwa vibaya. Alirudi na karatasi hiyo mara kadhaa. Mara ya mwisho alisema wewe mwenyewe umekiri mbele yake, kantini huko, kwamba uliunga waya kwa haraka. Alikujua, Shoti. Alijua kantini yenu ina benchi za kijani. Ningefanyaje?

Nikamweleza wakili yote hayo. Akaniuliza, "Amekwambia watakulipa ukisaini?"

"Ndiyo."

"Ameandika wapi?"

"Alisema kwa mdomo."

Akautafuta mkataba wangu wa bima katika karatasi nilizobeba, akaweka kidole mahali na kuniambia nisome kwa sauti. Pale pameandikwa kuwa kampuni hailipi moto uliotokana na umeme uliofungwa vibaya. Nikasoma, nikasoma tena. Waliokuwa wamekaa sakafuni wakainua shingo.

"Umeelewa?" akasema. "Ukisaini ile karatasi, hupati chochote, na mdogo wako umemtosa. Walitaka ujifunge kamba mwenyewe halafu uwashukuru."

Sikusaini. Hilo nakuapia.

Sasa wakili anataka kujua upande wako. Anasema mtu kama yule hasafiri safari ndefu kwenda kunywa soda. Ulipewa karatasi gani? Kama hujasaini, usisaini. Kama umesaini, niambie mimi kabla hawajaniambia wao.

Dada yako.

---

24 Mei

Dada, shikamoo.

Mwambie Mama nakula wali, maharage na samaki wa mtoni mwenye miiba mingi. Nimetaja chakula, sasa asadiki.

Nilikaa na barua yako nikatamani kukasirika nikashindwa, maana na mimi nina yangu.

Alinikuta kantini wakati wa chakula cha mchana. Pole kwa kazi, pole kwa jua, pole kwa kuwa mbali na mama. Akaniagizia soda. Simu yake aliiweka mezani imelala kifudifudi. Akasema, "Dada yako ameshatuambia kwamba waya zako zilikuwa na kasoro. Ameandika na kusaini."

Nikasema, "Nionyeshe."

"Ziko ofisini. Ni siri ya mteja. Lakini kampuni itakudai wewe, na mimi sipendi kumwona kijana mchapakazi anafilisiwa. Hebu nisaidie nikusaidie. Dada yako hakuwahi kukwambia amechoka na bekari?"

"Nani asiyechoka na kazi?"

"Kwa hiyo aliwahi kusema."

"Kila mtu husema, bwana."

"Basi tuandike hivyo tu, kama ulivyosema."

Akaandika, dada. Nilipoisoma, maneno yangu yalikuwa yameota pembe. Ilisema uliniambia mara nyingi kuwa umechoka na bekari na unatamani ingeteketea ili uanze upya. Nikamwambia sikusema hivyo. Akasema ni lugha ya ofisi tu. Akaniachia karatasi, akaahidi kurudi. Alipochukua simu yake ndipo nikaona taa nyekundu ndogo inawaka, alikuwa ananirekodi. Kwa ajili hiyo nilikukataza kunipigia. Nilianza kuogopa hata sauti yangu.

Karatasi niliiweka chini ya godoro.

Amerudi wiki iliyopita, baada ya barua yako kufika. Nikamwambia naomba anieleze mbele ya msimamizi wangu na mafundi wenzangu dada yangu alisaini nini na lini. Akasema pole, ana haraka. Msimamizi wetu, yule wa makelele, akamuuliza kwa sauti ya bwawa zima, "Haraka ya kwenda wapi, wakati barabara ni moja?" Watu wakacheka. Yeye akapanda gari na chakula chake akakiacha mezani.

Sikusaini. Mwambie wakili nitapanda lori la wiki ijayo niende mji wa huku karibu kuapa kwa hakimu juu ya kila neno. Kiapo na karatasi nitavituma kwa dereva.

Halafu jambo hili, labda halina maana. Uliniandikia kuwa mzee wa mabuti alikata vipande vya waya. Tangu barua ile hujamtaja tena. Alisema nini?

Shoti.

---

16 Septemba

Mdogo wangu Shoti,

Mama hajambo na amesadiki kuhusu samaki. Amesema uangalie miiba.

Usinilaumu kwa kukaa kimya. Kesi aliyotufungulia wakili ilikwisha wiki kadhaa zilizopita, ila sikutaka kukuandikia mpaka nione kwa macho yangu kuwa wamelipa. Siku hizi sisadiki kitu nilichoambiwa tu. Hata muuza maziwa akiniambia ni fresh, nanusa.

Swali lako la mzee wa mabuti nililipeleka kwa wakili siku ile ile. Aliacha kupangusa pua. "Mzee gani? Kwenye faili lao kuna mkaguzi mmoja tu, kijana wa suti." Nikasema walikuja wawili, na wa kwanza alinawa kwa sabuni yangu. Akawaandikia kampuni. Wakajibu kuwa hakuna mtu kama huyo, mteja amechanganyikiwa kwa msiba. Mimi mwenyewe nikaanza kujiuliza kama nilimwota.

Wakili akaenda zimamoto, akauliza ni nani katika mji huu anayejua kusoma majivu. Wakamtajia mstaafu wao mmoja. Tukamkuta nyumbani kwake anarekebisha bawaba za mlango. Aliponiona tu akasema, "Mama wa mikate! Walishakulipa?"

Nikatikisa kichwa. Wakili ndiye aliyemuuliza alikuwa amewaambia nini.

"Niliwaambia moto ulitoka nyuma, nje ya ukuta, kwenye banda la jenereta ya mchomeleaji vyuma. Ukapanda paani. Wakasema asante, tutamtafuta mwingine athibitishe."

"Na kwa nini hukumwambia mama huyu?"

"Nilidhani ameshaambiwa."

Ndivyo alivyosema, Shoti, huku bisibisi iko mkononi. Miezi yote ile nimelala nikikutazama gizani kama mshtakiwa, na jibu lilikuwa mtaa wa tatu, linarekebisha mlango.

Mahakamani wakili wa kampuni alikuwa mzuri, nikwambie kweli. Alikuwa na sauti ya redio. Alianza kwa jina lako la utani, akalisema mara nyingi, kila mara akimtazama hakimu. "Fundi huyu, ambaye hata familia yake inamwita Shoti." Mama alikuwa amekaa nyuma. Masikio yake siku hiyo yalikuwa mazima kabisa. Akasema kwa sauti, "Nilimwita mimi, na hakuwahi kuunguza hata uji." Hakimu akamtaka anyamaze, lakini nilimwona akificha mdomo.

Kisha akapanda mzee wa mabuti. Akaeleza boriti za nyuma zilivyoungua mpaka zikakatika na za mbele zikabaki. Akaeleza waya zako. Alisema alizikata vipande vipande, ngozi ya nje imebabuka kwa moto wa paa, lakini shaba ya ndani ni safi, na bomba la chuma halina tundu. "Aliyefunga umeme ule," akasema, "alifunga kama anafunga kwake."

Wakili wa kampuni akasema maoni hayo hayakuwa rasmi.

Mzee akamgeukia. "Kama hayakuwa rasmi, mlinituma kwenye majivu nikatafute nini?"

Baada ya hapo wakili wetu akaziweka mezani karatasi mbili, ile niliyoletewa mimi na ile uliyotuma wewe pamoja na kiapo chako. Akaomba Bwana Pole asimame aeleze. Moto huo huo, alisema, kwa dada umewashwa na mdogo, kwa mdogo umewashwa na dada. Ni upi kampuni iliuamini? Bwana Pole alitoa leso. Alifungua mdomo, na safari hii hakusema pole kwa mtu yeyote. Alisema alifuata maelekezo. Hakimu akamuuliza maelekezo ya nani. Akamtazama wakili wa kampuni.

Hakimu ameamuru walipe bekari yote, na juu yake wakatozwa fidia ya kunizungusha kwa makusudi na kutugombanisha. Walitishia rufaa, kisha wakanyamaza, kisha wakalipa. Wakili ananiambia wanaofika kwake ni wachache. Wengi husaini, halafu hushukuru.

Nimepanga chumba kipya karibu na soko. Kuta zimepakwa rangi, tanuri linakuja mwisho wa mwezi. Umeme haujafungwa. Mafundi wawili wamekuja kuomba kazi nimewarudisha. Nakuomba uje uifanye wewe.

Watu wananipongeza barabarani. Nacheka nao. Nikifika nyumbani nakumbuka barua yako ile fupi, na najua nilivyokujibu moyoni kabla sijakujibu kwenye karatasi.

Dada yako.

---

3 Oktoba

Dada yangu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako kwa sauti kantini, kwenye yale mabenchi ya kijani. Msimamizi ameniomba nirudie mahali pa Mama. Wote wanakupa hongera, na mimi pia, kwa moyo wangu wote.

Sasa nikwambie kinachonikaa rohoni. Uliniandikia "Sikusaini", ukaweka nukta. Hukuandika kwa nini. Wakili ulimpata mwezi wa nne, na Bwana Pole alianza kukuletea karatasi ile mapema zaidi. Ulikuwa unaitazama tu? Kalamu ilifika wapi? Na wewe nadhani umejiuliza kwa nini yangu niliiweka chini ya godoro, wakati jiko la kantini liko hatua chache na lingeimeza. Hukuuliza. Sote wawili tumekuwa waangalifu mno, kama watu wanaosikilizwa.

Sitaki unijibu kwa barua. Barua inampa mtu nafasi ya kupanga maneno, na tumeshaona watu wanaojua kuyapanga. Nataka nikuulize nikiwa nakuona, uniulize nikiwa nakutazama, na lolote litakalotoka litoke hivyo hivyo lilivyo. Labda nami nitajua jibu langu nikisikia sauti yangu ikilisema, maana mpaka sasa silijui.

Nimepewa ruhusa ya mwezi mzima. Vifaa vyangu nimeshavifunga kwenye sanduku, na dereva amenipa nafasi mbele, karibu na dirisha. Tunaondoka kesho alfajiri na barua hii ataileta kwako kabla hajanishusha mimi, kwa sababu nataka uwe umeisoma nikibisha hodi.

Usimwambie Mama. Fungua mlango wewe.

Shoti.